Watu wa Jibu Tupu

Nchi ya Masijala haina mfalme wala rais. Inatawaliwa na majedwali. Kila kinachojulikana kuhusu mtu kimeandikwa katika mstari mmoja wa daftari kubwa lenye kurasa za upana wa mlango, na kila mstari una namba ambayo mtu hupewa siku ya kuzaliwa na kuzikwa nayo. Kuna jedwali la Watu, la Mitaa, la Ndoa, la Mashamba, la Vifo, na mengine ambayo sikupata nafasi ya kuyaona. Yamehifadhiwa katika kumbi za mawe katikati ya mji. Raia wa Masijala akitaka kuoa, kuhama au kutibiwa, hamwendei mtu. Huuliza jedwali.

Niliitwa huko kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mkaguzi wa kanuni. Watu wakishakuwa na majedwali mengi huchoka kuuliza maswali yale yale kila siku, wakajitungia kanuni za kuwajibia: unaipa kanuni namba ya mtu, inapita kwenye madaftari inakohitaji kupita, inakurudishia jibu moja. Kanuni ikianza kutoa majibu ya ajabu, huitwa mtu kama mimi kutafuta ilipoteleza. Kwetu mambo haya yamefichwa ndani ya kompyuta na mtu wa kawaida hayaoni. Kule Masijala yanafanywa na watu, mchana kweupe, kwa kalamu na miguu, na ndiyo maana nimeona niyaandike.

Aliyenipokea ni Bwana Shomvi Lugendo, Mlinzi Mkuu wa Majedwali, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuwa akifuta miwani yake kila alipotaka kusema jambo zito.

"Bi Nyamizi," aliniambia, "tuna tatizo la takwimu."

Akanieleza. Kati ya kanuni zote za Masijala, iliyotumika zaidi iliitwa Stahili. Ndiyo iliyoamua nani apewe dawa katika bohari ya serikali, na dawa katika nchi hiyo haiuzwi popote. Hutolewa bohari, au haipatikani. Stahili ilipaswa kujibu Ndiyo au Hapana. Lakini kwa miaka miwili sasa ilikuwa inatoa jibu la tatu kwa watu wengi, nalo ni karatasi iliyoandikwa Tupu.

"Na mtu akijibiwa Tupu hufanywaje?" niliuliza.

"Hafanywi kitu. Bohari humpa dawa mwenye Ndiyo. Baraza la Rufaa humsikiliza mwenye Hapana. Tupu si Ndiyo, na si Hapana."

"Kwa hiyo hana dawa, na hana pa kulalamika."

Alifuta miwani. "Tukiulizwa ni wangapi wamekubaliwa, hawamo. Tukiulizwa ni wangapi wamekataliwa, hawamo. Lakini jumla ya watu ni kubwa kuliko waliokubaliwa na waliokataliwa wakijumlishwa, na Baraza Kuu limeanza kuuliza pengo hilo limetoka wapi. Nakuomba uliondoe."

"Ni watu wangapi?"

"Elfu nne mia moja na kumi na mbili, kufikia jana."

Kesho yake nilikwenda kwenye ukumbi wa Stahili. Katikati palikuwa na kibanda cha mbao kilichozibwa pande zote, chenye vidirisha viwili. Katika kimoja watu waliingiza namba zao, katika kingine walipokea jibu. Ndani alikaa mtekelezaji, mtu ambaye kazi yake ni kusoma kanuni iliyobandikwa ukutani na kuifuata neno kwa neno, kisha kutoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwenye madaftari na kurudi. Hakuna aliyeruhusiwa kuona kilicho ndani. Sheria ya Masijala inasema kanuni huhukumiwa kwa jibu lake, si kwa utumbo wake.

Nilisimama pembeni ya foleni asubuhi nzima nikiandika. Majibu yalitoka bila sauti. Waliopata Ndiyo waliondoka haraka. Waliopata Hapana walielekea Baraza la Rufaa. Waliopata Tupu walirudi mwisho wa foleni.

Mmoja wao alikuwa mwanamke wa umri wangu hivi, amejifunga khanga ya samawati iliyopauka, mikono yake ina madoa ya gundi. Alipojibiwa Tupu aliikunja karatasi vizuri, akaiweka kwenye kikapu kilichokuwa na karatasi nyingine nyingi za namna hiyo, akaanza kutembea kurudi nyuma. Nilimfuata nikamuuliza amekuja mara ya ngapi.

"Ya thelathini na sita," alisema. "Wewe ndiye mgeni aliyeletwa?"

"Ndiye mimi. Naitwa Nyamizi."

"Mimi Asumini. Namuulizia mume wangu, Pazi. Ana kisukari. Alikuwa anapewa dawa ya sindano miaka tisa, hakuna aliyemzuia. Tulipohamishiwa Kilimahewa baada ya mafuriko, ndipo wakaanza kutupa hizi." Aligusa kikapu. "Majirani wenye ugonjwa huo walitugawia dawa walizokuwa nazo. Sasa imebaki ya siku kumi na moja, dada. Nimeihesabu jana."

Nikamuuliza kama na majirani wenyewe wanajibiwa Tupu.

"Wote. Ndiyo maana hawana tena cha kutugawia."

Katika kazi hii mtu hujifunza kutoshughulika na kanuni yote kwa mara moja. Unatafuta swali moja ambalo jibu lake unalijua, unauliza, unaona. Mchana huo niliingiza namba za watu ishirini. Kumi walikuwa wakazi wa mitaa ya zamani ya mji, na wote walijibiwa sawasawa. Kumi walikuwa wa Kilimahewa, na wote walikuwa Tupu. Nikajua ugonjwa hauko kwa watu. Uko njiani, mahali fulani ambapo kanuni inauliza habari za mtaa. Lakini sikuweza kujua ni wapi bila kufungua kibanda.

Bwana Shomvi alikataa. Nilimwambia anaweza kunirudisha kwetu na pengo lake likabaki. Alifikiri, akafuta miwani, akanipa siku moja.

Mtekelezaji wa Stahili aliitwa Mzee Kondo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho ya mtu aliyezoea mwanga mdogo, na kichwani alivaa kofia ya zambarau iliyokuwa kubwa kuliko kichwa chake. Nilipomuuliza habari za kofia alisema si yake. Ilikuwa ya Bwana Chande, aliyeitunga Stahili. Desturi ya Masijala ni kwamba mtekelezaji huvaa kofia ya mtungaji ili walinzi wa madaftari wamfungulie kwa idhini ya mtungaji, si kwa idhini yake.

"Na Bwana Chande yuko wapi?"

"Alifariki miaka tisa iliyopita. Kofia bado inafungua."

Ukutani palikuwa na kanuni yenyewe, sentensi ishirini na mbili kwa mwandiko mzuri wa marehemu. Niliisoma yote. Sentensi ya mwisho ilisema hivi: *Likitokea lolote lisilotarajiwa, andika Tupu, funga kidirisha, usipige kengele.*

Niliangalia juu. Kweli kulikuwa na kengele ya shaba, kamba yake imefungwa kwenye msumari, vumbi limeganda juu yake.

"Kengele hii ni ya nini?"

"Ya kosa," Mzee Kondo alisema. "Sheria ya zamani. Mtekelezaji akishindwa kuendelea, anapiga. Ikilia, kazi zote kumbi zote zinasimama, na kila kilichoandikwa siku hiyo kinarudishwa nyuma, mpaka chanzo cha kosa kiondolewe. Wakubwa hawakuipenda. Ndiyo maana watungaji wote siku hizi wanamalizia kanuni zao na sentensi ile."

"Kwa hiyo kila unapoandika Tupu, maana yake kuna kosa limetokea."

"Ndiyo."

"Kosa gani?"

Alinitazama kana kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. "Sijui, Bi Mkaguzi. Kanuni haisemi nikumbuke. Inasema niandike Tupu."

Nilimwomba afanye kazi yake kama kawaida kwa namba ya Pazi, ila kila atakapofika kwenye sentensi mpya aitamke kwa sauti, na aseme ameshika nini mkononi. Alianza. Sentensi ya kwanza, amepokea namba. Ya pili, ameenda jedwali la Watu, ameuona mstari, mtu yupo hai. Tuliendelea hivyo, mimi nikimfuata nyuma na daftari langu, magoti yakiniuma kwa zile ngazi za mawe, mpaka sentensi ya kumi na nne.

"Nenda kwenye jedwali la Mitaa," alisoma, "uone mtaa wa mtu huyu unahudumiwa na bohari ipi."

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Nilidhani angeelekea Ukumbi wa Ardhi, ambako nilikuwa nimeliona jedwali la Mitaa siku iliyotangulia. Yeye aligeuka kushoto, hatua kumi tu, akaingia chumba kidogo, akafungua daftari lililokuwa mezani. Jaladani liliandikwa Mitaa. Akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa.

"Kilimahewa haimo," alisema. "Hapa ndipo ninapokwamia."

"Mzee wangu, mbona hukwenda Ukumbi wa Ardhi?"

"Kanuni imesema jedwali la Mitaa. Haikusema la ukumbi gani. Sheria yetu ni kwamba jedwali likitajwa kwa jina tupu, tunachukua la karibu."

Niligeuza jalada. Ndani, kwa herufi ndogo za penseli, palikuwa na maneno: *Nakala ya mazoezi ya makarani wapya. Si ya kutumika.* Tarehe yake ilikuwa mwezi mmoja kabla ya mafuriko. Mtu fulani wa Chuo cha Makarani alilinakili jedwali la Mitaa ili wanafunzi wajifunze, akaliweka katika chumba kilichokuwa wazi, akalipa jina lile lile. Kila mtaa uliokuwapo siku hiyo ulikuwemo, na majibu yaliendelea kuwa sahihi kwa wote hao. Kilimahewa iliandikwa baadaye, katika jedwali la kweli tu.

Mzee Kondo alisoma yale maneno ya penseli mara mbili. Kisha akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, kofia ya Chande mikononi.

"Nimeandika Tupu kwa mkono huu mara nyingi sana," alisema.

"Hukujua."

"Niliona wanarudi. Yule mama wa khanga ya samawati naijua sauti yake ya kukohoa." Alilifunga daftari. "Nipige kengele?"

Ilikuwa siku ya tatu tangu nifike. Nilikuwa na uhakika wa kosa, sentensi yake na chanzo chake, na kamba ilikuwa hatua kumi kutoka pale tulipokaa. Nami nikamwambia hapana. Nikamwambia kupiga kengele kungevuruga kazi za nchi nzima, kwamba kosa limeshajulikana na dawa yake ni ndogo, kuongeza jina la ukumbi kwenye sentensi moja, au kulihamisha daftari moja. Nikamwambia nitaandika ripoti nzuri na Baraza litaelewa. Niliyaamini maneno yangu. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba, na siku zote nimependa mambo yapite mlangoni kwa utaratibu.

Niliandika kwa siku tatu. Ilikuwa ripoti nzuri kweli.

Baraza Kuu lilikaa siku ya nane. Walikuwa wajumbe tisa, na Bwana Shomvi akiwa mwenyekiti. Nilieleza kila kitu. Walisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia, na hakuna aliyebisha kwamba kosa lipo.

"Tuongeze jina la ukumbi kwenye sentensi ya kumi na nne," nilisema. "Maneno matatu."

Mjumbe mmoja mzee, Bi Tabia Mwinyi, msimamizi wa sheria, alinijibu kwa adabu. "Kanuni hubadilishwa na mwenyewe aliyeitunga. Bwana Chande hajaacha wosia wa kanuni zake."

"Basi lihamishwe daftari la mazoezi."

"Ni mali ya Chuo," alisema mjumbe mwingine. "Aliyeliweka amehamishwa mkoa. Na mitihani ya makarani ni mwezi ujao."

"Kuna jambo zito zaidi," alisema Bwana Shomvi, akifuta miwani. "Kanuni mia mbili na kumi na moja zinaiuliza Stahili kabla hazijatoa majibu yao. Kwa miaka miwili zimezoea majibu haya. Tukilitoa daftari lile leo, tutajuaje ni kanuni ipi imejiegemeza kwenye kosa? Bi Nyamizi, unaweza kutuhakikishia kwamba hakuna hata moja itakayoyumba?"

Sikuweza kuhakikisha. Hakuna mkaguzi mkweli anayeweza. Nilisema kwamba zikiyumba tutaziona na kuzirekebisha, lakini watu wanaosubiri dawa hawatarekebishika.

"Je, kanuni imewahi kumnyima mtu dawa?" Bi Tabia aliuliza. "Imewahi kusema Hapana kwa mtu anayestahili?"

"Haijasema Hapana. Imesema Tupu."

"Yaani imesema haijui. Kusema hujui si kukosea."

Walijadiliana hadi adhuhuri. Mwishowe mjumbe wa takwimu alikuja na pendekezo ambalo lilimridhisha kila mtu. Kanuni isiguswe, daftari lisiguswe. Nje ya kidirisha cha majibu akae karani mmoja, na kila karatasi ya Tupu itakayotoka, aifute, aandike Hapana. Kwa njia hiyo kila raia atakuwa na jibu kamili, pengo la takwimu litafungika, na wananchi watapata haki waliyokuwa wameikosa, yaani haki ya kukata rufaa.

"Baraza la Rufaa linaamuaje?" niliuliza.

"Linaiuliza Stahili," alisema Bwana Shomvi.

Pendekezo lilipita bila kupingwa. Walinishukuru, na ripoti yangu ikapigwa muhuri na kupewa namba.

Siku ya tisa nilikwenda Kilimahewa. Ni mtaa wa nyumba za matofali ya saruji zilizopangwa sawasawa kwenye mteremko mkavu, bado hauna miti. Asumini alikuwa mlangoni akibandika soli ya kiatu; Pazi alikuwa fundi viatu, na tangu augue yeye ndiye aliyeshika kazi. Alinikaribisha ndani. Mumewe alikuwa amelala kwenye mkeka, mwembamba, midomo imekauka, kikombe cha maji kando yake. Aliniamkia kwa sauti ya chini na kuniomba radhi kwamba hawezi kuinuka.

"Tumekuwa tukipiga nusu," Asumini alisema. "Nusu ya kipimo, ili zifike mbali. Jana nimekwenda ukumbini, wameniambia sasa ni Hapana. Watu wa foleni walifurahi. Wakasema angalau ni jibu."

Nilimwambia asikate rufaa, apeleke nguvu zake kwingine. Aliniuliza kwingine wapi. Nilikwenda bohari mwenyewe siku hiyo na siku mbili zilizofuata, nikamwomba msimamizi, nikamwonyesha nakala ya ripoti yangu yenye muhuri. Aliisoma yote, akaniambia imeandikwa vizuri, akaniambia bila Ndiyo ya Stahili mlango wa kabati haufunguki, na hakuwa anatania. Funguo zake zilikaa ukumbini.

Pazi alifariki siku ya kumi na tatu, asubuhi, wakati Asumini yuko foleni.

Tulimzika kabla ya jua kuzama. Baada ya mazishi, wanawake wakiwa wanamwaga maji ya kunawia, Asumini alikuja akasimama mbele yangu.

"Ulijua lini?" aliniuliza. "Kosa lilipo."

"Siku ya tatu tangu nifike."

Alihesabu kwa vidole, taratibu. "Siku ya tatu alikuwa bado anatembea," alisema. "Siku ile alikwenda kunyoa."

Kisha akarudi kwa wenzake. Nimelaumiwa mara nyingi katika kazi yangu, na kwa kelele kubwa zaidi, lakini lawama ile ndiyo ninayoishi nayo.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Kondo. Nilipitia mlango wa nyuma, na hakuna aliyenizuia. Nilimwambia Pazi amekufa. Alikuwa anajua, kwa kuwa namba ya Pazi haikuwa imeletwa asubuhi ile, na kikohozi cha Asumini hakikusikika.

"Nilikukataza," nilisema. "Nilikosea. Sasa sikukatazi, lakini sikuagizi pia. Watakufuta."

Kufutwa ndiyo adhabu kubwa ya Masijala. Mstari wako unapigwa wino katika jedwali la Watu, na kila mstari unaoegemea wako hupigwa wino nao: mke, watoto, nyumba. Ndiyo maana watekelezaji wengi ni watiifu.

"Mke wangu alitangulia," Mzee Kondo alisema. "Hatukujaliwa watoto. Nyumba ni ya serikali. Hakuna anayening'inia kwangu." Alivua kofia ya Chande, akaiweka kwenye kiti. Akafungua kamba kwenye msumari. Fundo lilikuwa gumu, nikamsaidia kulifungua.

Akapiga.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Sikujua kengele ile ina sauti kubwa kiasi kile. Kalamu zilisimama kumbi zote. Vidirisha vilifungwa. Makarani wakaanza kugeuza kurasa na kufuta yote waliyoandika tangu alfajiri, kama sheria ya zamani inavyotaka, maana hakuna aliyewahi kuifuta sheria yenyewe. Ndoa tatu zilizoandikwa asubuhi ile zikatoweka. Mtu aliyekuwa amepewa shamba hakuwa nalo tena. Uani watu walianza kukusanyika na kuulizana.

Bwana Shomvi alifika akihema. Sikuwahi kumwona akitembea haraka.

"Mzee Kondo, kuna nini?"

"Kosa, Bwana Mlinzi," alijibu, na alisema kwa sauti ya kusikika nje, kwa kuwa kosa la kengele lazima litangazwe. "Kanuni ya Stahili, sentensi ya kumi na nne. Daftari la Mitaa nililo nalo ni la mazoezi. Mtaa wa Kilimahewa haumo. Siwezi kuendelea."

"Lakini tulikwisha kubaliana..."

"Siwezi kuendelea," Mzee Kondo alirudia.

Bwana Shomvi alitazama kengele, akatazama umati uani, ambamo mmoja wa maharusi alikuwa ameanza kuulizia jina lake. Miwani hakuifuta. Aliita walinzi wawili, nao wakaenda katika kile chumba kidogo, wakalibeba daftari la mazoezi, mmoja huku mwingine kule, wakalipeleka Chuo cha Makarani ng'ambo ya barabara. Nilitazama saa yangu. Iliwachukua dakika sita.

Mchana kazi zilianza upya. Kanuni mia mbili na kumi na moja hazikuyumba hata moja. Mtekelezaji mwingine alivishwa kofia ya Chande, akasoma sentensi ya kumi na nne, na kwa kuwa la karibu halikuwapo tena, akatembea hadi Ukumbi wa Ardhi. Kilimahewa ilikuwamo. Kwa siku tatu zilizofuata majibu ya watu wale yalitoka, karibu yote ni Ndiyo. La Pazi lilitoka pamoja nayo, maana kifo chake kilikuwa kimeandikwa asubuhi ya kengele, na kikarudishwa nyuma na mengine. Karani alimpelekea Asumini karatasi hiyo nyumbani, akamwambia anaweza kuchukua dawa. Asumini aliipokea. Alikwenda bohari, akachukua chupa zote za mwezi mzima kwa jina la mumewe, akampa jirani yake wa nyumba ya pili, mwanamke mjamzito mwenye kisukari, ambaye jibu lake lilikuwa bado halijafika. Kisha ndipo alipokwenda kuandikisha kifo upya.

Mzee Kondo alifutwa siku ile ile ya kengele. Hakuna aliyempiga wala kumfunga. Wakaacha tu kumwona. Alipotoka ukumbini walinzi hawakumwitikia salamu, na jioni alikuta mtu mwingine ameshaingizwa katika chumba chake.

Kabla sijaondoka nilimuuliza Bwana Shomvi watu wangapi walikufa kwa kukosa dawa katika miaka ile miwili. Alikuwa tayari kunisaidia. Aliliuliza jedwali la Vifo mbele yangu. Sababu ya kifo katika jedwali hilo huandikwa kutokana na jibu la Stahili: aliyepewa dawa akafa, au aliyenyimwa akafa. Waliojibiwa Tupu, safu ya sababu imeachwa wazi.

"Hakuna hata mmoja," alisema, akanionyesha ukurasa. Hakuwa mwongo. Ndivyo jedwali lilivyosema.

Nilimweleza Asumini jambo hilo nilipokwenda kuaga. Alikuwa sebuleni kwake na Mzee Kondo, ambaye yeye Asumini alikuwa amemkaribisha alale kwenye chumba cha viatu, kwa sababu majirani walisema mtu aliyefutwa hana pa kwenda. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ni nyumba mia nane tu mtaa huu," alisema. "Watu wanajua waliokufa kwao."

Akamuuliza Mzee Kondo kama mwandiko wake unasomeka. Akasema unasomeka. Nikawapa daftari langu, kurasa za nyuma zilizokuwa safi, na siku mbili zilizobaki nilizunguka nao. Hatukutumia namba. Asumini alibisha hodi, akasalimu, akauliza nani amefariki hapa na alikuwa anaumwa nini, na Mzee Kondo akaandika jina, la baba, ugonjwa, na mwezi wa kufa. Katika nyumba nyingine walitupa jina moja, nyingine matatu. Mtu mmoja alituomba tusome tulichoandika, tukamsomea, akatuomba tusome tena.

Nilipoondoka walikuwa wamefika nyumba ya sitini na nne. Asumini alikuwa amesimama mlangoni, akisubiri mwenye nyumba akumbuke mwezi, naye Mzee Kondo kalamu yake ilikuwa imeinuliwa juu ya karatasi.